Malimau ya Bwana na Meno ya Mume Wangu

Mjukuu wangu aliyesomea mambo ya lishe alinitembelea likizo moja, akanikuta nimemenya chungwa na ganda nimewatupia kuku. Alinidaka mkono kana kwamba nilikuwa natumbukia kisimani. "Dani," akaniita, maana ndivyo bibi anavyoitwa kwa lugha yetu, "usitupe huu utando mweupe. Ndimo zilimo flavonoidi." Kisha akanihubiria. Vitu hivyo huimarisha mishipa midogo ya damu, hupunguza uvimbe, husaidia moyo. Siku hizi wataalamu huvitoa kwenye maganda kwa mitambo, wakavitia katika vidonge, na watu wa mjini huvinunua.

Nilimwacha amalize. Halafu nikamwambia kwamba utando huo niliukwangua kwa kijiko kabla mama yake hajazaliwa, mpaka kucha zangu zikawa za manjano, na kwamba katika ukoo wetu flavonoidi zimekwisha kutugharimu kazi na nyumba. Alicheka. Watoto wa siku hizi wakisikia bibi anajua jambo, huishuku akili ya bibi kwanza.

Ilikuwa miaka ile ya thelathini, vita vya pili vikiwa bado havijaja, kwenye shamba moja la chai katika nchi ya Kericho. Jina la shamba silitaji. Waliokuwapo wanalijua, na wasiokuwapo halitawasaidia kitu. Mimi na mume wangu tulikuwa tumetoka ziwani, tumeoana juzijuzi, tukapewa chumba kimoja katika laini za wafanyakazi. Chumba kilikuwa kidogo hata ukinyoosha miguu kitandani unapiga teke sufuria. Lakini kilikuwa na uzuri mmoja ambao sijauona katika nyumba nyingine yoyote: mama mkwe wangu hakuwamo.

Mama mkwe alikuwa na desturi ya kuonja mboga yangu mbele ya wageni, akafumba macho, kisha akaomba maji. Hakusema neno baya hata siku moja. Aliomba maji tu. Nilipopanda na mume wangu kuja kwenye baridi ya Kericho, watu wa kwetu walinililia, nami nililia nao kwa adabu, lakini rohoni nilikuwa nacheza. Kwa hiyo mengine yote nitakayoyasimulia msomaji ayasome akikumbuka jambo hilo moja: kazi ya mume wangu ikiisha, chumba kinaisha, nami narudi jikoni kwa mama yake.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye mashine ya kukaushia majani kiwandani, na mume wangu aliiringia kana kwamba ndiye aliyeiunda. Chai, kwa asiyejua, ina tabia ya mmbeya. Kinachopita karibu nayo inakichukua na kwenda kukisema mbali. Ikilala karibu na kitunguu, huko Ulaya watakunywa kitunguu. Ndiyo maana kiwandani kulikuwa na sheria ya harufu. Samaki marufuku, mafuta ya taa marufuku, sabuni ya kunukia marufuku. Kila asubuhi nyapara alisimama mlangoni akawanusa wanaume mmoja baada ya mwingine, kazi ambayo nadhani ndiyo iliyomharibu tabia.

Mume wangu aliishika sheria ile kuliko amri kumi. Nguo zake za kazi zikiwa zimetundikwa chumbani, nilikatazwa kupika samaki mkavu. Mtu wa ziwani, nyumbani mwake, anakataza samaki! Nilimwambia babu zake wanageuka kaburini. Akanijibu kwamba babu zake hawakuwahi kukabidhiwa mashine.

Basi fizi zake zikaanza kutoka damu. Kwanza kidogo, akipiga mswaki. Halafu akitafuna. Halafu bila sababu, yuko kimya ameketi, unaona amemeza kitu na uso umekunjamana. Miguu nayo ikawa na madoa ya zambarau kama mtu aliyegongwa na kuni. Hakuwa peke yake. Wanaume kadhaa wa laini walikuwa hivyo hivyo. Posho ilikuwa unga na maharage, unga na maharage, na Krismasi chumvi ikazidi kidogo. Bustani zilikatazwa, maana ardhi yote ilikuwa ya chai hadi kwenye kizingiti cha mlango. Nikileta majani niliyoyachuma kando ya njia, mume wangu aliyasukuma pembeni akasema mboga ya majani ni ya mwanamke aliyejifungua. Ugonjwa ule siku hizi naujua jina, ni kiseyeye. Wakati ule tuliuita "ile kitu ya meno."

Hapa lazima nieleze jambo la meno yenyewe. Kwetu enzi zile kijana aling'olewa meno sita ya mbele ya chini. Asiyeng'olewa hakuhesabiwa mtu. Wazee walisema ukishikwa na pepopunda, taya likakaza, uji utapitishiwa kwenye mwanya huo. Kwa hiyo mume wangu alikuwa amekwisha kutoa mchango wake, tena mapema, kwa ajili ya uji ambao hakupata kuuhitaji. Aliyobaki nayo mbele ni ya juu tu, na sasa nayo yalikuwa yanacheza. Naye ndiye aliyeongoza nyimbo kwenye sala za Jumapili pale laini. Jumapili moja alipofika kwenye ubeti wa juu alisimama katikati, akageuka ukutani, akatema damu kwenye kitambaa. Waumini wakamalizia wimbo kila mtu kwa njia yake.

Nyapara aliyekuwa akimnusa asubuhi akaanza pia kumtazama mdomoni. "Wewe iko mgonjwa," akamwambia. "Mtu mgonjwa nabaki hapa ya nini? Rudi kwenu, ukipona tutaona." Tulijua maana ya "tutaona." Wawili walikuwa wamekwisha kuambiwa hivyo, na vyumba vyao vilikuwa na watu wengine kabla moshi wa jiko lao haujatoka. Zahanati ya shamba haikuwa na dawa ila kwinini na haluli ya kuharisha. Ukienda na homa unapewa kwinini, ukienda na kitu kingine chochote unaharishwa. Mume wangu alikwenda na fizi.

Meneja wetu alikuwa Mwingereza mrefu, mwekundu, mwenye moyo mzuri, na tangu siku zile nawaogopa wakubwa wenye moyo mzuri. Mbaya unamkwepa. Huyu mwingine anakuja na dawa. Bwana huyu hakuweza kukaa bila kuvumbua. Alikuwa amefuga nyuki wakamvimbisha uso memsahib, mkewe. Alikuwa amechemsha majani ya mkaratusi atoe mafuta, akaunguza banda. Sasa gazeti la kwao likamletea habari kwamba wataalamu wa Ulaya wamegundua kitu ndani ya ganda la limau kinachozuia damu isivuje kwenye mishipa midogo.

Alitukusanya mbele ya kiwanda, ametupa mikono nyuma kama mhubiri. "Mimi nasoma gazeti," akasema. "Iko kitu moja mzuri sana ndani ya ganda ya limau. Mishipa nakuwa nguvu. Damu hapana toka tena. Mimi natengeneza dawa, nyinyi nakunywa. Bure!"

Mtu mmoja nyuma akauliza, "Na ile tunda ya ndani, bwana?"

"Ndani maji tu. Peleka kwa nguruwe."

Wanaume wakashusha pumzi. Nawajua wanaume wale. Kilichowatisha si damu ya fizi. Kwao ilikuwa imani iliyokomaa kwamba limau hukata damu, na likikata damu hukata na nguvu za kiume, na mwanamume anayenyonya malimau atalala na mkewe kama ndugu yake. Kusikia kwamba maji ya limau yatakwenda kwa nguruwe kuliwaburudisha sana. Hivyo, kwa mara ya kwanza tangu shamba lifunguliwe, mzungu na watu wake wakakubaliana kwa moyo mmoja: limau tupa, ganda kula.

Wanawake wanne tuliitwa kumenya. Tulikaa chini ya banda nyuma ya nyumba ya meneja, mimi na jirani yangu Mkipsigis aliyekuwa akiuza maziwa kwenye laini, na wengine wawili. Malimau ya uani kwa memsahib yalikwisha upesi, yakaletwa mengine kwa magunia kutoka upande wa Kiptere na kutoka ziwani. Tulimenya, tukakwangua ule utando mweupe kwa vijiko, tukauanika pamoja na maganda, tukatwanga. Kisha bwana akautia kwenye pipa. Mara ya kwanza aliuloweka katika wiski, lakini memsahib alipojua wiski imekwenda wapi, kelele zilisikika hadi Kimulot. Mara ya pili akatumia maji ya chokaa, ile ya kupaka ukutani. Aliloweka, akachuja kwa foronya, akamimina siki, akangoja. Kweli, sitamnyima haki yake: chini ya chombo kilituama kitu kama unga, manjano mpauko. Alikiinua juani kwenye glasi, na macho yake yakajaa machozi.

Jirani yangu alimtazama hivi, kisu mkononi. "Chamgei, mama," akaniambia kwa sauti ya chini, ijapokuwa tulikuwa tumekwisha kusalimiana asubuhi. "Hii mzungu iko sawa? Nachukua kanda, natupa chakula. Kwetu hata ng'ombe itacheka."

"Ni tawa," nikamwigiza, maana kinywani mwake ganda huwa kanda na dawa huwa tawa.

"Ee, tawa," akasema bila kukasirika. "Basi wacha nguruwe ikose tawa, ikule chakula."

Nguruwe wa bwana walinawiri. Sijawaona tena nguruwe kama wale. Walikuja mbio tukitokea na ndoo, wakatumbukiza nyuso, maji ya limau yakawatiririka kidevuni, na manyoya yao yakang'aa kama yamepakwa mafuta. Mimi nimelelewa kwamba chakula hakitupwi. Kila ndoo iliyomiminwa ilinichoma. Nikaanza kuweka nyama ya malimau chini ya kikapu, nikaifunika kwa kanga, nikapeleka nyumbani. Sikuwa nawaza fizi za mtu. Nilikuwa nawaza maharage, ambayo tulikuwa tumeyala hadi tukaanza kuyachukia kwa sura.

Mume wangu hangekubali limau liingie kinywani mwake hata kwa mtutu wa bunduki. Kwa hiyo hakuulizwa. Nilikamua kwenye maharage yakiwa yameepuliwa, nikatia pilipili na chumvi. Alionja, akaacha kijiko hewani.

"Leo umetia nini?"

"Nimetia akili," nikamwambia.

"Basi uwe unaitia kila siku, mama. Hii akili ni tamu."

Nikaitia kila siku. Mwaka ule wote wa ndoa yetu sikuwahi kusifiwa upishi kama majuma yale, na kama mama mkwe angekuwapo nadhani hata yeye asingeomba maji.

Huku unga wa bwana nao ukaanza kugawiwa. Kila jioni wagonjwa walipanga foleni kwenye ngazi ya ofisi, bwana mwenyewe anachota kwa kijiko kidogo cha chai, mtu anameza, uso unajikunja hadi masikio yanasogea. Uchungu wake ulikuwa wa kuapia. Ndio uliowapa imani. Walirudi laini wakisifu, huyu akisema umempiga mpaka kisigino, yule akisema ameona nyota. Ungewapa asali ikawaponya wangesema wameponywa na bahati. Dawa isiyokukunja uso, kwao, ilikuwa chakula cha watoto.

Fizi za mume wangu zikakauka. Madoa ya miguu yakafifia, meno yakasimama. Jumapili aliupanda ule ubeti wa juu hadi mwisho, na mimi nilifurahi, kusema kweli nilifurahi mpaka nikasahau kuimba. Chumba chetu kimepona, nikajiambia. Wenzake waliokunywa unga ule ule, kutoka kijiko kile kile, waliendelea kutema damu. Bwana alipoulizwa kwa nini, alisema hao wanameza vibaya. Nyapara akasema hao ni waongo. Mume wangu, ambaye sasa alikuwa mtakatifu, akasema hao hawana imani. Hakuna aliyeuliza huyu mmoja anakula nini nyumbani kwake. Kwa nini waulize? Palikuwa na unga wa manjano ndani ya chupa.

Tangu hapo mume wangu akawa maonyesho. Wageni wa bwana wakija jioni, huku vinywaji viko mkononi, aliitwa kutoka kiwandani asimame barazani. "Fungua mdomo," bwana anasema, naye anafungua. "Juu. Sasa cheka." Anacheka. Wazungu wanainama, wanatazama kama wanunuzi wa farasi. Alianza kunijia nyumbani akijizoeza: anaketi, anakunja mikono, anafungua mdomo bila kuambiwa. Siku moja mgeni mwanamke akauliza kwa mshtuko haya sita ya chini yamekwenda wapi. Bwana akawa mwekundu zaidi ya alivyozaliwa, akaanza kueleza kwamba hayo yalitoka zamani, kwamba si dawa iliyoyatoa. Memsahib alikuwa akicheka kwa pembeni. Nadhani alikuwa bado anaikumbuka wiski yake.

Kisha zikaja mvua. Anayeijua Kericho anajua kwamba mvua zake hazibishi hodi; mchana ukigeuka tu, ziko ndani. Maganda yaliyoanikwa yakaota ukungu wa kijani. Bwana alitaka apeleke chupa za unga kwa wakubwa Ulaya, wamsifu, na maganda yanaoza. Akasimama kiwandani akaitazama mashine ya mume wangu: kubwa, kavu, yenye moto, na Jumapili imelala bure.

Mume wangu alinisimulia mazungumzo yao jioni ile, kifua mbele. Bwana alikuwa amemwambia, "Jumapili wewe nakausha ganda. Jumatatu nakausha chai. Sawa?" Naye akasema, "Sawa, bwana."

"Na harufu?" nikamwuliza.

"Harufu gani?"

"Wewe si ndiye uliyenikataza samaki? Malimau hayana harufu?"

Alinitazama kwa huruma, vile mwalimu anavyomtazama mtoto anayeuliza kama mwezi huliwa. "Hayo ni malimau ya bwana," akasema.

Nimelifikiria jibu hilo maisha yangu yote, na sijapata linaloeleza nchi yetu ya siku zile vizuri zaidi. Sheria ilikuwa imekataza harufu zetu. Samaki wetu, vitunguu vyetu, jasho letu, mafuta yetu ya taa. Hakuna aliyewaza, si nyapara na pua yake, si mume wangu na mashine yake, si bwana mwenyewe na magazeti yake, kwamba kitu cha mzungu nacho kinaweza kunuka. Na mimi pia nikafikiri labda kweli. Maganda yakakaushwa Jumapili baada ya Jumapili. Magunia yake, kwa kuwa memsahib hakuyataka nyumbani, yakawekwa kwenye chumba cha masanduku ya chai, pakavu. Asubuhi nyapara aliendelea kunusa wanaume mlangoni, na hakunusa kitu, maana shamba zima, watu na mbwa na nguruwe, lilikuwa linanuka limau.

Ulaya hawakuwa wamezoea. Waonjaji walionja chai yetu, wakatema, wakaitupilia mbali sanduku kwa sanduku. Mkubwa wa kampuni akaja na gari, mzee mdogo mwenye kofia kubwa, asiyejua neno la Kiswahili. Alitembea kiwandani ananusanusa, kisha akauliza swali la mtu mwenye akili timamu: ni nani aliyeingiza malimau humu?

Nilikuwa nimesimama na wanawake nje, nikamwona meneja wetu. Chupa ya unga ilikuwa mfukoni mwa koti lake, mfuko niliuona umevimba. Aliifunika kwa kiganja. Akamtazama nyapara. Na nyapara, aliyekuwa amefanya kazi miaka ya kutosha kuelewa mtazamo, akasema ngoja tukague laini.

Magunia ya maganda yalikuwa yamekwisha kuhamishwa kabla ya mkubwa kufika. Walimwambia ni mbolea. Laini nzima ilikaguliwa, na malimau yalipatikana katika chumba kimoja tu. Chungu changu cha maharage kilitolewa nje kwa mikono miwili. Kando yake kikapu, na ndani ya kikapu nyama ya malimau yaliyomenywa, na mwenye chumba ndiye mtu wa mashine ya kukaushia. Hata mimi, kama ningekuwa hakimu nisiyejua kitu, ningemfunga.

Mume wangu alikitazama kikapu, akanitazama mimi. Kwanza, nina hakika, aliwaza juu ya nguvu zake za kiume. Majuma yote yale! Sura ilimpauka. Nami, nikiwa na mimba ya miezi kadhaa, iliyoingia siku zile zile za malimau, nikajishika tumbo ili aone, apate kupumua, na akapumua.

"Sema," nikamwambia kwa lugha yetu. "Sema ni maganda ya bwana."

Akatikisa kichwa. "Yeye ndiye aliyeniponya meno," akasema. "Mtu hamchongei daktari wake."

Basi nikasema mimi. Hasira ilinipanda hadi nikaona giza. Nikapasua katikati ya wanaume, nikasimama mbele ya mkubwa mwenye kofia, nikamwambia kwa Kiswahili chote nilichokuwa nacho: "Hii chai yako haikuharibiwa na sufuria yangu! Uliza maganda iko wapi! Uliza nani alikausha maganda kwa mashine Jumapili! Angalia kwa mfuko ya huyu!" Nikaonyesha kidole kwenye koti la meneja. Mkubwa alirudi nyuma hatua moja, akamgeukia nyapara ili atafsiriwe. Nyapara akafikiri kidogo, kisha akamjibu kwa Kizungu, kwa ufupi sana kuliko nilivyosema mimi. Maneno yake mengi sikuyajua. Mawili ya mwisho niliyajua, kwa sababu memsahib alikuwa akimwambia mbwa wake akileta kiatu. Nyapara alisema kwamba ninasema asante.

Mkubwa akanigusia kofia yake.

Meneja alielewa kila neno langu la Kiswahili. Akatazama viatu vyake. Kesho yake alitia sahihi kwenye kipande cha mume wangu, kile cheti cha kazi cha siku zile, kwamba ameachishwa, na kwa kuwa alikuwa na moyo mzuri, kama nilivyokwisha kusema, alimwita pembeni akampa chupa nzima ya unga wa manjano, aende nayo nyumbani, asije akaugua tena. Mume wangu alitoka ofisini analia kwa shukrani. Nilitaka niitupe chupa ile kwenye mto wa kwanza tuliouvuka, lakini aliikumbatia njia nzima. Jirani yangu Mkipsigis alitusindikiza hadi barabarani na kibuyu cha maziwa ya mursik, akanishika mikono yote miwili. "Mama," akaniambia, "hata kule, ikule chakula. Wacha tawa."

Mjukuu wangu, nilipomfikisha hapa, hakucheka tena. Alinieleza polepole kwamba flavonoidi si uongo, zina kazi zake mwilini, lakini kiseyeye huponywa na vitamini C, na hiyo kwa wingi ilikuwa katika yale maji yaliyokwenda kwa nguruwe. "Kwa hiyo ni wewe uliyemponya babu, Dani." Nikamwambia kwamba sikumponya mtu, nilikuwa nakoleza maharage. Babu yake hata hivyo asingekubali. Alikufa mzee, na meno ya juu yote, na chupa tupu juu ya kabati, na mpaka mwisho aliwaambia watu kwamba alitibiwa na Mwingereza.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni jioni tuliyofika nyumbani kwao. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni anachambua mtama. Hakushangaa. Alitazama mizigo yetu, ikawa si mizigo. Alitazama mifuko ya mwanawe, ikawa mitupu. Akatazama tumbo langu, akarudi kwenye mtama wake. Kisha akamwuliza mwanawe, kwa upole, swali ambalo kila mama wa kwetu alimwuliza kijana aliyerudi kutoka kwa wazungu: "Umeniletea nini?"

Mume wangu aliketi mbele yake, akakunja mikono, akafungua mdomo.

Mama yake aliinama akatazama. Alitazama kwa makini, juu, kisha chini, kwa muda mrefu kuliko wageni wote wa barazani. Halafu akaniuliza mimi kama tumekuja na unga wa ugali.